Barua ya wazi kwa wakubwa wa Lindi na Mtwara: mlango wa Mikindani na mifupa ya Tendaguru

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Lindi na Mtwara, Wakurugenzi wa Halmashauri zetu zote, na wahusika wa Mambo ya Kale katika Wizara ya Maliasili na Utalii.

Waheshimiwa, salaam nyingi.

Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za mwanzo nilizipeleka kwa mkono, zikapigwa muhuri wa "IMEPOKELEWA", nikapewa nakala yangu, na habari ikaishia hapo. Hii ya tatu nimeona niiache wazi. Ikipotea, ipotee mbele za watu.

Miaka michache iliyopita, Jumamosi moja asubuhi, nilikuwa natoka kununua samaki hapa Mikindani nikakuta vijana wawili wanang'oa mlango. Ulikuwa mlango wa nyumba ya mawe ya zamani, mbao nzito iliyogeuka nyeusi kwa moshi na mikono ya watu, miimo imechongwa mnyororo kutoka chini hadi juu, na mfaa wa katikati una maua. Kwenye kizingiti cha juu palikuwa na maandishi ya Kiarabu, nusu yake imeshaliwa na mchwa. Kijana mmoja alishika tindo, mwenzake kipande cha nondo. Walikuwa wanafanya kazi kwa uangalifu, hilo niwape haki yao, maana mnunuzi aliutaka mzima. Gari lilikuwa limeshaegeshwa. Ukutani, umeegemezwa, ulisubiri mlango mpya: geti la chuma la rangi ya fedha, karatasi ya bei bado imebandikwa.

Nikamuuliza mwenye nyumba, mtu ninayemheshimu na watoto wake nimewafundisha mimi, kulikoni. Akanijibu, "Mwalimu, mvua inaingia ndani. Mlango huu unanipa bati za nyumba nzima." Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Sheria ndiyo ilikuwa nalo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeitaja milango kwa jina lake: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki, ni kitu cha kulindwa. Waliotunga sheria ile, nchi ikiwa changa kabisa, walifikiria mpaka mlango wa mtu. Sasa nani Mikindani amewahi kuambiwa? Mwenye nyumba hajui, mjumbe hajui, na yule fundi aliyeweka geti la fedha ndiye kabisa.

Jumatatu yake nikaenda ofisini. Ofisi gani sitaitaja, maana sitaki mtu mmoja abebeshwe mzigo wa wengi. Nikaambiwa afisa utamaduni hayupo, yuko uwanjani, kuna mashindano ya shule za msingi. Afisa utamaduni wetu ndiye huyo huyo wa michezo, na mwezi huo mpira ulikuwa umemmeza. Binti wa mapokezi, kwa adabu zote, akanishauri: "Shikamoo babu, andika barua." Ndiyo ile ya kwanza.

Baadaye nilielewa kwamba kosa si la afisa yule. Mlango ni mali ya kale, hivyo uko Maliasili. Ngoma iliyokuwa ikipigwa mbele ya mlango ule iko wizara nyingine, ya utamaduni. Afisa anayetakiwa kuviangalia vyote viwili kule wilayani yuko chini ya TAMISEMI, wenye tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mtoto mwenye baba watatu, siku ya ada humwoni hata mmoja.

Kuwaandikia wakubwa barua si jambo geni huku kusini. Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, kamishna wa Wajerumani, alimwita Machemba aende pwani akajisalimishe. Machemba alikuwa mtawala wa Wayao, ngome yake ikiwa Luagala, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Tandahimba. Hakwenda. Alijibu kwa barua, kwa Kiswahili, na kwa kifupi alimwambia hivi: maneno yako nimeyasikia, lakini sababu ya kukutii siioni, ukitaka urafiki, sikatai, kuwa mtu wako, hapana, na kama una nguvu, njoo unichukue. Ilipofika 1899 ndipo Wajerumani walipomwondoa, naye akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji.

Barua hiyo mimi niliisoma mara ya kwanza kwa Kiingereza, nikiwa mwalimu tayari, mtu mwenye watoto. Maneno ya mtu wa Luagala, aliyoyatoa kwa Kiswahili, yamezunguka Ulaya nzima ndipo yakanifikia Mtwara yamevaa suti. Nimewahi kusimama barabarani huko huko Luagala na kuwauliza wanafunzi waliokuwa wakitoka shule, Machemba ni nani. Wakatazamana. Mmoja akabahatisha kwamba ni mchezaji.

Songea wana makumbusho ya Majimaji, na kila tarehe 27 Februari hukusanyika kuwakumbuka walionyongwa mwaka 1906. Nawapongeza, na nawaonea wivu. Vita ile ilianzia kwetu: Umatumbi, Wilaya ya Kilwa, ndiko watu walikoing'oa pamba Julai 1905, na Nandete ndiko kunakotajwa. Kutoka huko ikashuka Liwale, ikafika Nyangao na Masasi. Sisi wenye mwanzo wake tumebaki tunasoma habari yake kama ya jirani.

Halafu kuna Tendaguru.

Wengi wenu mnalijua jina, kwa sababu kila kikao cha utalii mkoani Lindi hutajwa mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, aliyeko Ujerumani. Niruhusuni nikae hapa kidogo. Vita vya Majimaji vilifuatwa na njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Miaka michache tu baadaye, mwaka 1909, Wajerumani walianza kuchimba kilima cha Tendaguru, bara ya mji wa Lindi, wakaendelea hadi 1913. Waliochimba ni watu wa kwetu, mamia yao. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilifungwa mizigo zikabebwa mabegani na vichwani, mwendo wa siku nne hivi, hadi bandarini Lindi zikapakiwa melini. Mnyama aliyesimamishwa Berlin kutokana na mifupa hiyo ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na watoto wa Kijerumani hupelekwa na shule zao kumtazama. Alitembea huku kwetu miaka milioni 150 hivi iliyopita.

Majina ya wazungu waliosimamia kazi ile, Janensch na Hennig, yako kwenye kila maelezo. Lakini kulikuwa na Boheti bin Amrani, msimamizi na fundi mkuu wa mifupa, ambaye bila mikono yake vingi vingefika Berlin vikiwa unga. Kulikuwa na Mohammadi Keranje. Mwaka 2019 wataalamu walipompa jina mjusi mwingine wa Tendaguru walimwita Wamweracaudia keranjei, yaani kabila la Wamwera na jina la mzee Keranje, yote mawili kwa pamoja. Huko kwenye vitabu vya sayansi Wamwera wameshaandikwa. Hapa Lindi, mtaa wa Keranje uko wapi? Darasa la Boheti ni lipi?

Nimewahi kwenda. Dereva wa bodaboda aliniuliza mara mbili ninakwenda kufanya nini, na mara ya pili alipunguza mwendo kabisa, nadhani alianza kunishuku mambo ya madini. Siku hiyo sikuona kibao njiani. Nilikuta majani marefu, mashimo yaliyojifukia yenyewe, na mzee mmoja mwenye shamba la ufuta aliyenionyesha kwa jembe: "Hapo, na pale." Babu yake alikuwa mbebaji. Alinieleza jinsi walivyofunga mizigo kwa nyasi na udongo, nani alitangulia, wapi walilala usiku wa kwanza. Nilikuwa na kalamu lakini karatasi yangu ilikuwa risiti ya mafuta. Nyuma ya risiti ile ndipo ilipo historia ya mzee yule, kwa maandishi madogo sana.

Suala la kuirudisha mifupa limefika bungeni zaidi ya mara moja. Wanaotaka irudi nawaelewa. Wanaosema hatuna pa kuiweka nao nawaelewa, ingawa jibu lao linaniudhi, maana tangu lini mtu akadai chake kwa sharti la kuwa na kabati? Ila wakati tukibishana juu ya mifupa, tunawasahau watu. Picha, michoro na maandishi ya uchimbaji yako Berlin. Nakala zake hazihitaji meli wala bima. Kinachohitajika ni barua moja yenye sahihi ya mkubwa, ambayo mimi siwezi kuiandika, ninyi mnaweza.

Kwamba kitu kinaweza kurudi, tumeshaona. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, pamoja na vitu vingine, kikaja kuonekana kwenye makumbusho binafsi Geneva. Kilirudi nchini mwaka 2010, baada ya mazungumzo ya miaka. Kilijulikana kwa kuwa kilikuwa kimeandikwa kwenye daftari la makumbusho. Mlango wa Mikindani ninaousimulia, ukionekana kesho sebuleni kwa mtu Zanzibar au Ulaya, tutasemaje ni wetu? Picha yake hatuna. Vipimo hatuna.

Na kuna sauti. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Karl Weule alipanda kutoka Lindi hadi Masasi na Newala akiwa na mashine ya kurekodia sauti kwenye nta na kamera ya sinema. Alirekodi nyimbo za mababu zetu, Wayao, Wamakonde, Wamakua, nchi ikiwa bado ina harufu ya moto wa Majimaji. Sauti hizo zilikwenda naye Ujerumani. Mtu wa Newala hana pa kuzisikiliza, na wale wazee ambao wangeweza kutueleza maneno yale ya zamani yanasema nini wanazidi kupungua. Nyimbo za nta zimetunzwa vizuri. Wafasiri wake ndio hatukuwatunza.

Hapa siongei nikiwa mtakatifu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Newala, nyakanga, yaani mkuu wa unyago, mwenye jina lake. Alikuwa na tobo la ndonya, lile pambo la kuchomeka, kwenye mdomo wa juu. Ndonya yenyewe alishaiacha kabla sijazaliwa, na sisi wajukuu tulikuwa tunachekeana kwa siri anapokunywa uji. Mwaka 2013 nilikaa naye siku mbili kibarazani, nikamrekodi kwa simu: koo za upande wa mama, walikotoka, walivyovuka Ruvuma, nyimbo za shambani. Kwetu ukoo unakwenda kwa mama na mwenye habari zake ni mjomba, lakini mjomba alishafariki, ikabaki kwake. Simu ikaharibika. Nikaipeleka kwa fundi, akairudisha inafanya kazi vizuri sana, imefutwa kila kitu. Bibi alikuwa ameshatangulia. Kilichosalia ni kipande cha sekunde arobaini nilichokuwa nimemrushia binti yangu: bibi anakohoa, anauliza kama chai imeiva, halafu anacheka.

Kwa hiyo ninapowaomba chombo cha kutunzia, najua ninachoomba.

Neno moja la tahadhari kabla sijafika kwenye maombi, kwa sababu najua likianza jambo hili litakuja kwa kishindo, na kamera, na tamasha. Si kila kitu ni cha kuonyeshwa. Midimu, ngoma yetu ya vinyago, ina kanuni zake. Aliye ndani ya kinyago hatajwi. Yanayofundishwa kumbini hayasemwi nje ya kumbi. Nimeona video za unyago zimewekwa mtandaoni na kijana anayetafuta watazamaji, na nimeona kinamama wamekaa wamejiinamia kwa aibu ambayo si yao. Kutunza ni kazi ya kuwauliza manyakanga wenyewe: hiki kiandikwe, hiki kirekodiwe lakini kifungiwe, hiki kife nasi. Wakisema kife, kife.

Pia yapo ya kuachwa. Kumweka mwali mtoto wa miaka tisa halafu kumwambia ameshakua, hilo serikali ina haki ya kulikemea, na mimi nikiwa mwalimu nimelikemea nikatukanwa. Lakini nimesikia viongozi wakisimama majukwaani na kuitupa jando na unyago yote kwa neno moja, "mila potofu", jioni wakaagiza kikundi cha sindimba na ngongoti kije kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Vijana wale wa ngongoti, wanaotembea juu ya miti mirefu mkishangilia, walijifunzia wapi?

Sasa ninachoomba. Sitaomba makumbusho mapya. Jengo jipya lina jiwe la msingi, lina utepe, na baada ya miaka miwili lina popo. Naomba kwanza mtu. Kila halmashauri iwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hii tu, asiyeitwa uwanjani, mwenye kinasa sauti, pikipiki na mafuta yake. Msiniambie fungu hakuna. Kwenye kila kilo ya korosho inayopita mnadani halmashauri inakata ushuru wake. Wakulima wanaokatwa ndio wenye historia hii. Msimu mmoja tu ungetosha kumweka mtu huyo kazini.

Kazi yake ya kwanza iwe kupita nyumba kwa nyumba Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Kivinje kuandika milango na majengo: picha, vipimo, jina la mwenyewe. Na amwambie mwenye nyumba sheria inasemaje kabla mnunuzi hajafika, siyo baada. Lakini asiende mikono mitupu. Yule bwana wa geti la fedha alikuwa na shida ya bati. Mpeni bati, au msamehe kodi ya jengo, mtaona kama atauza. Boma la Wajerumani hapa Mikindani, la mwaka 1895, lilikuwa gofu. Limekarabatiwa, leo wageni wanalala humo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakafanyiwa kazi, yakatolewa mwaka 2014. Hatushindwi. Ila Kilwa ilishatembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, ina watetezi duniani kote. Nandete na Luagala zina sisi.

La pili ni hiyo barua ya Ujerumani. Ombeni nakala za sauti za mwaka 1906 na kumbukumbu za Tendaguru, ziwekwe kwenye maktaba ya mkoa na kwenye vyuo vyetu vya ualimu, mahali ambapo mtu wa Newala anaweza kuingia na kandambili zake akakaa akasikiliza. Wanachuo wa ualimu wanapotumwa mazoezini vijijini, warudi kila mmoja na saa moja ya sauti ya mzee mmoja, kwa ridhaa yake, kwa lugha yake: Chimakonde, Kimwera, Kiyao, Kimakua, Kimatumbi, Kingindo. Na fomu yao isiulize "jina la baba na babu" peke yake. Ulizeni mama, ulizeni mjomba. Huku ukiuliza baba tu, umeandika nusu ya mtu.

Ya Nachingwea sitayafungua leo. Kambi walikofunzwa wapigania uhuru wa Msumbiji, tuta la ile reli ya karanga ambayo vyuma vyake viliondolewa kitambo, hayo yanataka barua yake, na kuna wenzangu huko wanaoyajua kwa kuyaishi. Nimewaambia waandike.

Barua zangu mbili za awali, kama zinatafutwa, nakala ninazo zenye muhuri na tarehe. Ile risiti ya mafuta nimeitia kwenye bahasha pamoja nazo. Mimi nipo hapa Mikindani, nyumba ya pili kutoka msikitini ukishuka kuelekea baharini; mkimtaja mwalimu mtaonyeshwa. Mlango wetu bado upo. Mkija, sukumeni ubao wa kulia, wa kushoto bawaba yake imechoka na fundi anayeweza kuitengeneza bila kuharibu mchongo ni mmoja tu mji mzima, naye ana miaka sabini na minane.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara